Maji ya Bunju, Jasho la Uluguru

Bomba kubwa linalopita Bunju kuelekea Tegeta na matangi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linaanzia kwenye mtambo wa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo. Mtambo ulijengwa mwaka 1976, na baadaye ukapanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku. Kazi yake ni kusafisha maji na kuyasukuma. Maji yenyewe yanatoka milima ya Uluguru, Morogoro, na walinzi wake wa kwanza ni wakulima ambao wakazi wengi wa Bunju hawajawahi kuwasikia.

Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, walilinda misitu kabla ya serikali yoyote kuichorea mpaka. Ardhi ilikuwa ya ukoo, kwa upande wa mama, na misitu ya matambiko haikuguswa na shoka. Kule Kinole, Kingalu aliheshimiwa kama chifu mwenye mvua. Wajerumani, kisha Waingereza, wakatenga misitu ya vileleni kuwa hifadhi za serikali.

Mnamo 1950 Waingereza wakageukia mashamba yaliyo chini ya msitu. Waliona kweli: udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Dawa yao ndiyo iliyokosea. Kila kaya iliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, ipende isipende. Kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba, uchimbaji huo ulifukia rutuba na kuleta juu udongo usiozaa. Mtu alivunjika mgongo kwa jembe, kisha akavuna pungufu ya mwaka uliotangulia. Tena ardhi ilikuwa ya ukoo: mabwana shamba waliingia na kupima shamba la bibi wa mkulima bila kumuuliza mtu. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga matuta, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata wafuasi wengi milimani.

Naamini Matombo ndipo pa kuanzia kila mjadala wa mazingira nchini mwetu. Waliokataa matuta hawakuwa maadui wa udongo wao.

Ilichukua miongo mingi kabla ya serikali kukubali kwamba kijiji kinaweza kuaminiwa. Mwaka 2000 vikundi vya wanavijiji wanaotunza misitu viliungana kuunda MJUMITA, mtandao wa jamii wa usimamizi wa misitu. Sheria ya Misitu ya 2002 ikavipa vijiji haki ya kutenga misitu yao wenyewe, kuweka kanuni na kutoza faini. Mwaka 2008 misitu ya serikali ya Uluguru iliunganishwa kuwa hifadhi moja ya mazingira asilia.

Jaribio linaloigusa Bunju moja kwa moja lilianza mwaka 2006 katika vijiji vya Kibungo, kwenye vyanzo vya mto Ruvu. Mashirika ya CARE na WWF yaliwashawishi watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, shirika la maji DAWASCO na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza, wachangie malipo kwa wakulima wanaozuia udongo kwenda mtoni. Mkulima alipanda miti katikati ya mazao, akachimba matuta ya fanya juu, akaacha kuchoma shamba, akalipwa kwa kazi iliyopimwa. Matuta, yaliyokataliwa kwa hasira mwaka 1955, sasa yalichimbwa kwa hiari, kwa sababu aliyeyachimba alikaa mezani kupatana. Inasikitisha kwamba malipo hayo hayakugeuka kuwa utaratibu wa kudumu.

Oktoba 2022 Ruvu ilipungua sana, jiji zima likaingia kwenye mgao, na huku kwetu Bunju madumu yakapanga foleni. Mwezi uliofuata ukasainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190. Ni kazi njema na ilichelewa. Lakini Kidunda liko chini ya miteremko ileile, na tope la Uluguru lisipozuiwa shambani litatua humo. Sehemu ya bili tunayolipa Bunju ingepaswa kupanda hadi Kibungo kila mwezi, kwa jina la mkulima na kazi aliyoifanya.