Nyumba kadhaa, intaneti moja: namna ya kuifunga, kuipima na kuitunza

Katika miji yetu ya mashariki, kutoka Bunia mpaka Uvira, jamaa nyingi zinaishi katika kiwanja kimoja: mwenye nyumba mbele, wapangaji nyuma, na mara nyingi mwanafunzi mmoja au wawili wa chuo kikuu. Kila mmoja ananunua mega zake kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi feza imekwisha bila mtu kujua ilikwenda wapi. Ndiyo sababu majirani wengi wanaungana na kulipia forfe moja kubwa. Ni jambo jema, lakini likianza vibaya linaleta ugomvi uani. Haya ndiyo ya kujua, ndugu msomaji, kabla ya kutoa dola ya kwanza.

Mapatano kwanza, vifaa baadaye

Kaeni pamoja na mwandike mambo manne: nani analipa ngapi, tarehe gani, nani anatunza vifaa, na nini kitafanyika mtu asipolipa. Kwa mfano, kama forfe ni dola 40 na nyumba ni 4, kila nyumba inatoa dola 10. Ongezeni dola 1 kila nyumba kama akiba ya siku kifaa kitakapoharibika. Yule anayepokea feza asiwe peke yake: wa pili aone daftari kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mjue pia kwamba kugawana gharama kati ya majirani si sawa na kuuza intaneti kwa wapita njia. Biashara ile ina sheria na ruhusa zake.

Kuchagua njia

Njia ya kwanza ni ruta inayotumia kadi ya SIM na mtandao wa 4G. Kabla ya kununua, jaribuni kadi za kampuni mbili au tatu kwa simu, fasi ile ile ruta itakapokaa. Kampuni inayofanya vizuri sokoni inaweza kuwa dhaifu nyuma ya kilima chenu.

Njia ya pili ni satelaiti. Satelaiti za zamani ziko karibu kilometa 36 000 juu ya dunia, na kwa hiyo kwenda na kurudi kwa sauti kunachukua karibu nusu ya sekunde au zaidi. Zile za Starlink ziko karibu kilometa 550 tu, na kuchelewa kwake ni kidogo sana. Mwezi wa tano 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilitangaza kuiruhusu Starlink kufanya kazi Kongo. Antena yake inahitaji kuona anga wazi: mwembe mmoja unatosha kukata mawasiliano.

Kufunga

Ruta ya 4G iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Ruta nyingi zina mawimbi mawili ya WiFi: 2,4 GHz yanafika mbali na yanapita ukuta vizuri zaidi, 5 GHz yana mbio kubwa lakini yanachoka haraka. Mabati yanazuia yote mawili. Kama nyumba ya nyuma haipati, pitisheni waya wa mtandao mpaka ruta ya pili. Waya ule usipite mita 100.

Badilisheni maneno ya siri yote mawili: la WiFi, na lile la kuingia ndani ya ruta yenyewe. Chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kama ruta inaruhusu, fungueni mtandao wa wageni wenye neno lake, ili anayekuja kutembea asiondoke na neno lenu.

Sasa umeme. Ruta ndogo nyingi zinatumia volti 12 na karibu wati 10. Bateri ya volti 12 na amperi-saa 7 ina wati-saa 84. Hata ukitumia nusu tu ili isife mapema, ruta inakaa karibu saa 4 wakati umeme umekatika.

Tusisahau radi. Uchunguzi uliochapishwa 2016 kwa vipimo vya satelaiti uliweka Kabare, karibu na Bukavu, fasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mvua ikianza kunguruma, chomoeni ruta kwenye umeme, pamoja na waya unaotoka nje.

Kupima

Hapa watu wengi wanakosea kwa kuchanganya vipimo viwili. Mbio inahesabiwa kwa megabiti (Mb/s), lakini ukubwa wa faili na wa forfe unahesabiwa kwa megabaiti (MB, au Mo kwa Kifaransa). Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo laini ya 10 Mb/s inashusha MB 1,25 kwa sekunde, na faili ya MB 75 inachukua dakika moja. Nyumba 4 zikishusha pamoja, kila moja inapata karibu 2,5 Mb/s. Inatosha kwa kuongea kwa video, lakini si kwa wote kushusha filamu.

Pimeni mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, na saa mbili usiku. Andikeni mbio ya kushusha, ya kupandisha, na muda wa kuchelewa. Kuchelewa kukipita milisekunde 200, mazungumzo yanaanza kugongana. Kumbukeni kwamba kila kipimo kinakula mega.

1. Simama karibu na ruta, simu zingine zote zikiwa zimezimwa WiFi.
2. Rudia ndani ya kila nyumba.
3. Rudia wakati wote wanatumia.

Kama karibu na ruta ni vizuri lakini chumbani ni vibaya, tatizo ni WiFi: sogezeni ruta. Kama hata karibu na ruta ni vibaya, tatizo ni laini: peleka daftari kwa kampuni. Kama ni vibaya tu wakati wote wapo, hakuna kilichoharibika, mnagawana kidogo. Pangeni saa za kushusha vitu vikubwa, na zimeni programu zinazojisasisha zenyewe.

Mega zikiisha mapema

Usianze kwa kumshitaki jirani. Fungua ruta na uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kisichojulikana, badilisha neno la siri na ulitoe upya kwa waliolipa. Mara nyingi mwizi ni video inayojiendesha yenyewe kwenye simu ya mtoto aliyelala.

Na jirani aliyepoteza kazi mwezi huu? Andikeni jibu la swali hilo tangu siku ya kwanza, wakati hakuna mwenye deni. Ile akiba ya dola 1 inaweza kumbeba mwezi mmoja, na mwanafunzi wake hatakosa mtihani.