Ini, Picha na Taswira

Mwaka 1931 Higgins na Anderson wa Marekani walieleza jinsi walivyokata yapata theluthi mbili za ini la panya, nalo likakua tena katika majuma machache. Lakini ili kulipima ini hilo, sharti panya auawe. Mwaka 1976 sukari yenye florini nururifu ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Na mashine za wanyama wadogo zilipobuniwa miaka ya 1990, ikawezekana kutazama ini hai likitumia sukari, kwa panya yule yule, kabla na baada ya upasuaji.

Jambo hili tuliite nini? "Picha" haitoshi: mgonjwa wa Mpanda aambiwapo akapigwe picha huwaza eksirei, ambayo huonyesha umbo, ilhali hapa huonyeshwa kazi. Twapendelea "taswira".

Gumu zaidi ni "umetaboli", lenye asili ya Kiyunani, kwa maana ya badiliko. Wapo walikwepao kwa ugeni wake (kana kwamba "eksirei" ni la Kibantu!) wakasema "mmeng'enyo". Lakini mmeng'enyo ni kazi ya tumbo na utumbo. Muuguzi wa Katavi akilifasiri hivyo kwa Kipimbwe au Kibende, mgonjwa wa ini ataondoka akidhani tumbo ndilo lililoharibika.