Boda kwa Boda: Historia ya Jina la Biashara Mpakani Busia na Malaba

Mpaka wa Kenya na Uganda ulisogezwa hadi Busia na Malaba mwaka 1902, Waingereza walipoutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao iliyokuja kuitwa Kenya, na hivyo Wateso na Wasamia wakajikuta wana ndugu ng'ambo ya mstari ambao hawakuuchora. Baadaye vituo vya forodha vya nchi hizo mbili vilitenganishwa na kipande cha njia ambacho gari halikuweza kukipita bila hati nyingi, ilhali baiskeli ilipita bila usumbufu huo. Ni hapo, katika miaka ya 1960 na 1970, ilipozaliwa kazi ya bodaboda: kijana alifunga kiti cha sponji juu ya keria ya baiskeli, akawangoja abiria walioteremka basini na mizigo yao, akiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka.

Kiswahili kilikuwa na neno mpaka tangu zamani, lakini vijana hao walilichukua la Kiingereza, wakalitamka kwa lafudhi yao, kisha wakalitia katika kanuni ya uradidi, ambayo ni kurudia neno ili lipate maana mpya. Ubora wa jina hilo ni kwamba lilijitangaza lenyewe, kwa kuwa mgeni asiyemjua mwendeshaji hata mmoja alitambua papo hapo kinachouzwa na mwisho wa safari. Hata hivyo, jina linaloeleza kazi ni la kila aifanyaye, na hakuna aliyeweza kumzuia jirani yake kulitumia.

Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki zilienea kwa kasi na jina likahama nazo kutoka kwenye baiskeli. Leo hata Dar es Salaam, mbali na mpaka wowote wa nchi kavu, watu hupanda bodaboda.

Wafanyabiashara wa intaneti walikutana na tatizo hilohilo la jina linaloeleza kazi bila kuwa la mmoja, katika jina la kikoa, ambalo ni anwani ya maneno inayomfikisha mtu kwenye tovuti. Wengi walisajili anwani zinazotaja bidhaa waziwazi, wakitumaini kwamba anayeitafuta atawafikia wao kwanza, mpaka Google ilipozishusha, Septemba 2012, tovuti hafifu zilizotegemea mbinu hiyo. Anwani ya namna hiyo bado humweleza mteja kilichomo, nayo ni faida ya kweli, ila haimtofautishi muuzaji na wenzake. Kwa upande wa bodaboda, kampuni ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ilitanguliza neno la Kiingereza lenye maana ya usalama, na ikawapa waendeshaji wake kofia ngumu za rangi ya chungwa. Nusu ya pili ya jina lake ilikuwa imekwisha kufanyiwa kazi kwa miongo mingi na waendesha baiskeli wa Busia na Malaba.