LWK: Webuye ndani ya kompyuta

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma unaweza kupita Webuye. Waluhya wa hapo walitoa damu, na DNA yao ikaingia katika mradi wa HapMap, kisha 1000 Genomes uliokamilika 2015: watu 2504, jamii 26. Yao inaitwa LWK. Faili zake nimezipakua. Hazina jina hata moja.

Sasa chukua mtoto wa London aliyezaliwa kwa mbegu za Mbukusu asiyemjua. Akipima mate, sampuli kama hizi zitasaidia kumwelekeza magharibi mwa Kenya. Baba haonekani, mpaka binamu fulani naye apime. Na kwetu ukoo hufuata baba, tena wa ukoo mmoja hawaoani. Akija Bungoma kuchumbia, wazee watamuuliza ukoo. LWK haina safu hiyo.