Motokaa ya Safari Kuu

Jina la gran turismo ni la Kitaliano, na maana yake ni safari kuu. Safari yenyewe iliitangulia motokaa kwa zaidi ya miaka 200. Katika karne ya 17 na ya 18 vijana wa nyumba tajiri za Uingereza walipelekwa Bara la Ulaya kukamilisha elimu yao. Walivuka bahari, wakakaa Paris kujifunza lugha na adabu, wakapanda milima ya Alps, kisha wakashuka Florence na Roma kutazama magofu na picha. Padri mmoja wa Kiingereza, Richard Lassels, aliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1670, na mwendo huo ukapata jina lake. Ulikuwa mwendo wa gari la farasi, uliochukua miezi, pengine miaka. Reli zilipofika, njia ile ile ikawa ya siku chache, na ladha yake ikapungua kwa kadiri hiyo hiyo.

Motokaa ilipokuja ilizua swali. Je, chombo kimoja chaweza kumchukua mtu, mwenzake na mizigo yao kutoka mji hadi mji wa mbali, kwa kasi isiyoionea haya treni, na kumfikisha akiwa bado ana nguvu ya kuketi mezani na kuzungumza? Ndani ya swali hilo mna masharti yote ya motokaa ya safari kuu. Kasi pekee haitoshi, maana motokaa ya mashindano inayo, nayo humchosha dereva wake upesi. Wala raha pekee haitoshi, maana kitanda nacho kina raha lakini hakiendi popote.

Jibu mashuhuri lilitolewa Machi 1930. Tangu 1922 gari la moshi lililoitwa Le Train Bleu, lenye mabehewa ya kulala ya rangi ya buluu, lilikuwa likiwachukua matajiri kati ya Calais na pwani ya Mediterania. Januari ya mwaka 1930 motokaa ya Rover ilikwisha kulitangulia gari hilo. Woolf Barnato, mwenyekiti wa kampuni ya Bentley, aliuona ushindi huo kuwa si kitu. Akaweka dau kwamba yeye angefika London kabla gari la moshi halijafika Calais.

Aliondoka Cannes tarehe 13 Machi, jioni karibu saa 12, pamoja na rafiki yake Dale Bourne, mcheza gofu. Karibu na Lyon mvua kubwa iliwashika. Kwenye saa 10 za alfajiri walipoteza wakati huko Auxerre wakitafuta petroli, na mbele yake tairi likapasuka, nao walikuwa na tairi moja tu la akiba. Hata hivyo waliwahi meli ya Boulogne asubuhi, wakavuka, na alasiri saa 9 na dakika 20 wakasimama mbele ya klabu katika mtaa wa St James's. Gari la moshi liliingia Calais dakika 4 baadaye.

Kwa miaka mingi kila aliyesimulia habari hii alionyesha picha ya motokaa moja ya ajabu kwa uzuri: Bentley Speed Six ya milango 2, bodi yake ikiwa kazi ya Gurney Nutting, paa limeinama hadi nyuma, madirisha membamba kama macho ya mtu anayetazama jua. Mchoraji Terence Cuneo aliichora ikishindana na gari la moshi. Walakini waliochungua tarehe waligundua kuwa motokaa hiyo ilikabidhiwa kwa Barnato mwezi Mei, miezi 2 baada ya safari. Iliyoifanya kazi ni Speed Six nyingine, ya milango 4, bodi yake ya H. J. Mulliner, yenye umbo la sanduku kama nyingi za wakati wake. Mwenye mali alikuwa mmoja, na ndiyo sababu kosa liliota mizizi. Lakini iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: watu walitaka iwe ile nzuri. Waliona safari ya namna hiyo ilistahili kufanywa na chombo cha namna hiyo, na macho yakatoa hukumu mahali pa ushahidi.

Alfa Romeo ililitumia jina la Gran Turismo karibu na wakati huo huo, kwa motokaa yake ya 6C 1750. Aliyelipa jina hilo maana kamili, hata hivyo, ni Lancia wa Turin, kwa Aurelia B20 GT ya mwaka 1951. Injini yake ilikuwa ya silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la V, kazi ya Francesco De Virgilio chini ya uangalizi wa Vittorio Jano. Klachi na gia viliwekwa nyuma, karibu na magurudumu yanayosukuma, hata uzito ukagawanyika vyema baina ya mbele na nyuma. Hapo ndipo ilipo hekima yake. Motokaa iliyosawazishwa hivyo haimshurutishi dereva kupigana nayo katika kila kona, na mtu asiyepigana huchelewa kuchoka. Aprili 1951, katika mashindano ya Mille Miglia, mzunguko wa kama maili 1,000 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, Giovanni Bracco alishika nafasi ya 2 kwa injini isiyotimia lita 2. Ferrari iliyomtangulia ilikuwa na injini ya lita 4 na zaidi.

Sheria za mashindano ndizo zilizolichafua jina. Mwaka 1962 ubingwa wa watengenezaji ulipewa motokaa za gran turismo, na ili ihesabiwe humo ilipasa motokaa iwe imetengenezwa 100. Ferrari alileta 250 GTO, akidai kuwa ni namna tu ya 250 GT iliyokwisha kukubaliwa. Zilitengenezwa 36 tu, hadi 1964. Ndani hamkuwa na pambo, wala hata kipima mwendo.

Wakati huo huo kiwanda kile kile kilikuwa kikiuza 250 GTE, iliyotoka mwaka 1960. Injini yake, ya silinda 12, ilisogezwa mbele ili watu 4 wapate kukaa, na nyuma palikuwa na nafasi ya mizigo. Zilitengenezwa zaidi ya 900, na kwa motokaa hizo watu walikwenda safari zao. Baadaye bei yake ilishuka sana, na nyingi zikavunjwa, injini na fremu zao zikatumiwa kuundia mifano ya kuigiza ya GTO.