Tanuru za Unyiha na Chumvi ya Ivuna: Sayansi Iliyotangulia Shule

Mgeni aingiaye nchi ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe, aghalabu huonyeshwa kwanza Kimondo, lile pande kubwa la chuma lililoshuka kutoka mbinguni zama za kale, ambalo habari zake zilienea ulimwenguni baada ya mpima ardhi W. H. Nott kulikuta mwaka 1930. Walakini chuma kingine cha nchi hiyohiyo, kilichotolewa ardhini kwa akili na mikono ya Wanyiha, ni wachache wanaokitaja.

Wanyiha, kama jirani zao Wafipa, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma kabla ya majembe ya Ulaya kujaa masokoni. Walijenga tanuru ndefu za udongo, zikatobolewa matundu kuzunguka kitako cha kila moja ili moto uvute hewa wenyewe pasipo kuvukutwa, wakapanga ndani yake mkaa na mawe ya chuma. Na kile kilichopatikana kikasafishwa katika tanuru ndogo kwa mivuo, hata mhunzi akaweza kufua jembe, shoka na mkuki. Kazi hiyo iliandamana na dawa na miiko, lakini kiini chake ni kilekile kielezwacho na kemia: mkaa uwakao huzaa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo huipokonya oksijeni iliyoshikamana na chuma katika jiwe. Beverly Brock na P. W. G. Brock walichapisha maelezo ya uhunzi huo mwaka 1965.

Kadhalika huko Ivuna, karibu na ziwa Rukwa, watu walitengeneza chumvi kutokana na chemchemi zake tangu karne ya 13 hivi, kama walivyobainisha Brian Fagan na John Yellen waliochimba mahali hapo mwaka 1966. Udongo wa chumvi ulimwagiwa maji, maji yakachujwa, kisha yakachemshwa vyunguni hata chumvi ikabaki: kuyeyusha, kuchuja na kuvukiza, ndiyo masomo yaleyale ya kutenganisha michanganyiko.

Shule zilipokuja, baada ya Wamoravian kufungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, maarifa haya yalibaki nje ya mlango. Tume ya Phelps-Stokes, iliyochunguza elimu ya Waafrika, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaagiza elimu ilingane na mazingira ya Mwafrika; lakini Waafrika wengi walilishuku agizo hilo, wakiona ni hila ya kuwanyima elimu ya juu, na shaka yao haikuwa bila sababu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake Elimu ya Kujitegemea, alilaumu shule kwa kumfundisha mtoto kudharau maarifa ya wazee wake. Tukaitika kwa mashamba ya shule; mtoto akashika jembe, asiulizwe chuma chake kilipatikanaje.

Enyi walimu wa Tunduma, Vwawa na Momba, kosa hilo lasahihishika. Waiteni wazee waliosimuliwa na baba zao, chujeni udongo wa chumvi mbele ya darasa, pimeni, linganisheni, na lile lisilothibiti kwa jaribio lisemwe wazi kuwa halikuthibiti. Kwani kuiheshimu ilimu ya wahenga ni kuipima kwa haki ileile tuipimayo ya wageni. Mtoto wa Songwe ana haki ya kujua kwamba sayansi ilikuwa nchini mwake kabla ya ubao na chaki.