Utamu na Chungu katika Nchi ya Masasi na Newala

Mwalimu afundishaye habari za afya hukutana na shida moja ambayo haimo katika vitabu vyake, nayo ni shida ya neno. Akiwaambia watoto, "Punguzeni vitu vitamu," watoto husikia zaidi ya alivyokusudia; maana kwa Kiswahili utamu si wa sukari peke yake. Samaki aliyeungwa vema ni mtamu, wali wa nazi ni mtamu, sauti ya mwimbaji ni tamu, na maji ya kisima yasiyo na chumvi huitwa maji matamu, wala hayana hata chembe ya sukari. Neno hili latosha kwa kila kipendezacho ulimi na sikio na moyo. Basi mtoto akiambiwa aache vitamu ale vya afya, ni kana kwamba ameambiwa chakula cha afya sharti kichukize.

Sidhani kwamba kosa ni la lugha. Lugha imehifadhi habari za jiko la zamani, ambamo utamu na nguvu vilitoka katika chungu kimoja, na mpishi hakuulizwa achague mojawapo. Nataka kuonyesha jinsi mambo hayo yalivyokuwa katika nchi ya Masasi na Newala, na jinsi yalivyotengana. Na msomaji ataona kwamba katika habari hizi maji na wakati wa mwanamke vimekuwa na nguvu kuliko tamaa ya ulimi.

Kwanza habari za nchi yenyewe. Masasi iko chini, penye vilima vya mawe, na huko ndiko Askofu Steere alikowapeleka watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876. Hospitali ya Mkomaindo iliyoanzishwa na misheni ya U.M.C.A. iko huko. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, na atazamaye kusini huona bonde la Ruvuma. Huko juu udongo hunywa mvua yote, wala hapana mito. Chemchemi ziko chini ya magenge. Dr. Karl Weule wa Leipzig, aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabu kuona watu wamejenga mbali na maji, na wanawake wakishuka na kupanda kwa safari ndefu ili kujaza mitungi. Lakini katika siku za vita na za biashara ya watumwa vichaka vya uwandani vilikuwa kimbilio. Misheni nayo ilikimbilia Newala baada ya Masasi kuchomwa na Magwangwara mwaka 1882. Watu walipata usalama, na bei ya usalama ikalipwa na wanawake kwa vichwa vyao, mtungi baada ya mtungi.

Mwanamke wa namna hiyo apikapo, hupima maji kabla hajapima unga. Yatupasa kulikumbuka jambo hilo kila tusomapo mashauri ya mapishi yaliyoandikwa na watu wenye bomba jikoni.

Chakula chenyewe kilikuwa ugali, wa mtama au wa mahindi au wa muhogo, pamoja na kitoweo. Neno kitoweo lastahili kutazamwa. Latokana na kutowea, yaani kula chakula kikavu pamoja na kitu cha kukilainisha na kukitia ladha. Ugali bila kitoweo haukuhesabiwa kuwa mlo. Mtu aweza kushiba, lakini atasema hakula kitu. Na kitoweo katika nchi hii kilikuwa hasa mbaazi, kunde, njugu mawe, na majani: majani ya kunde, ya maboga, na zaidi ya yote kisamvu. Mapishi ya kisamvu si mapishi ya haraka. Majani machanga ya muhogo hutwangwa kinuni mpaka yamelainika, kisha huchemshwa muda mrefu, ndipo hutiwa karanga zilizopondwa, na siku hizi korosho pia. Aliyekula kisamvu cha karanga kilichoiva vema hataomba sukari. Kinywa chake kimekwisha kuridhika. Nami husikia ajabu kila nikumbukapo kwamba katika miaka ya 1940 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga kwa matrekta huko Nachingwea, jirani na Masasi, ili kupata mafuta kwa watu wake, ikaiacha kazi hiyo mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Na wakati wote huo wanawake wa Masasi walikuwa wakiponda karanga zao kinuni kama mama zao.

Vitu vyenye sukari vilikuwapo, lakini havikuwa vya chungu. Asali ilitoka porini. (Tazama jinsi maneno yalivyogawana kazi: nyuki ni neno la Kibantu, lakini asali ni la Kiarabu.) Miwa ilitafunwa njiani. Maembe yalikuja na mvua, na mabibo yaliiva kuanzia mwezi wa Oktoba, watoto wakayala chini ya miti mpaka midomo ikawa mikavu kwa ukakasi. Bibo lina vitamini C nyingi kupita chungwa, ingawa hapana aliyelila kwa sababu hiyo. Kila kimoja kilikuwa na majira yake, na majira yakipita kimekwisha. Watu hawakuhitaji kujizuia, kwa kuwa mwaka wenyewe uliwazuia. Yaliyobaki yalikaushwa, au yalikamuliwa maji yake yakawa pombe iitwayo uraka. Mapadre wa zamani wasingetaka nilisifu jambo hilo, na silisifu.

Sasa nafika kwenye muhogo, na hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili, kama mkorosho ulivyoletwa, na jina la kanju lingali likiukumbusha mti huo asili yake ya Kireno. Mkulima huutofautisha muhogo kwa namna mbili, mtamu na mchungu. Ule mtamu huliwa mbichi, au wa kuchemsha, au wa kuchoma. Ule mchungu huzaa vema katika udongo uliochoka, na nguruwe na wezi huuogopa. Kwa hiyo ndio akiba ya njaa. Lugha yetu, kwa bahati tu, huliita pishi la udongo chungu, na ladha hii nayo chungu. Mwenye kupenda mafumbo atafurahi, lakini mpishi hupaswa kujua jinsi ya kuitoa ladha hiyo ya pili katika chombo cha kwanza.

Uchungu huo ni alama ya sumu. Ndani ya mizizi mna kitu ambacho, mzizi ukipondwa au ukiloweshwa, huvunjika na kutoa sianidi. Nayo sianidi ikipewa nafasi hupotea katika maji na hewa. Njia iliyo bora ni kulowesha mizizi kwa muda wa siku tatu hivi mpaka ilainike. Lakini mwanamke wa uwandani atapata wapi maji ya kulowesha? Basi huko watu walimenya mizizi, wakaikausha juani kwa majuma kadhaa, wakaiita makopa, kisha wakaitwanga unga. Jua hutoa sumu kidogo kuliko maji, lakini likipewa siku nyingi hupunguza.

Tena mwili wenyewe hujikinga. Sianidi kidogo iingiapo mwilini hugeuzwa kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na kazi hiyo hutaka salfa, ambayo mwili huipata katika protini: katika kunde na mbaazi, samaki na nyama. Ndugu msomaji, tafakari jambo hilo. Mababu waliosema kwamba ugali bila kitoweo si mlo hawakujua habari za salfa. Walisema habari za ladha. Lakini kile kitoweo walichokitaka kwa ajili ya utamu kilikuwa pia ngao juu ya sumu ya kile chakula kilichowashibisha. Hapa utamu na afya si mambo mawili ya kupimwa katika mizani, kimoja kikipanda kingine kishuke. Ni tonge moja.

Jinsi tonge hilo lilivyoweza kuvunjika ilionekana mwaka 1981 ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, nchi ya Wamakua ambao ndugu zao wako Masasi. Ukame ulikausha mashamba, ukaubakiza muhogo mchungu peke yake. Watu wakaula bila kuutengeneza vya kutosha, tena bila mboga ya maana. Watu zaidi ya elfu, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu, wala miguu hiyo haiponi. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Waganga wa leo huuita konzo. Miaka saba baadaye, mwaka 1988, wilaya ya Masasi yenyewe ilipatwa na upungufu wa chakula, na watu wakaugua kwa kula muhogo: walitapika na kushikwa na kizunguzungu. Walikuwa wametumia njia fupi iitwayo chinyanya, yaani kutwanga mizizi mibichi na kuianika, kutwanga na kuianika tena, hata unga upatikane siku ile ile. Hapana mama aliyechagua njia hiyo kwa uvivu. Mtoto mwenye njaa hawezi kungoja makopa yakauke kwa majuma.

Sukari ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Pwani iliijua tangu zamani. Katika karne ya kumi na tisa palikuwa na mashamba makubwa ya miwa kando ya mto Pangani, na Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa na shamba lake huko. Lakini bara sukari ilikuwa kitu cha duka, na apendaye kwenda dukani sharti awe na fedha. Fedha ya uwandani ilitoka katika korosho. Baada ya vita kuu ya pili watu walipanda mikorosho kwa wingi, hata katika msimu wa 1973/74 Tanzania ikatoa tani zipatazo 145,000. Angalia sasa mgawanyo wake: korosho yenyewe, yenye mafuta na protini, ilisafirishwa kwenda India, bibo lilioza chini ya mti, na mkulima akarudi nyumbani na sukari na majani ya chai.

Pamoja na sukari jina la mlo likabadilika. Zamani asubuhi mtu alikula mwiku, yaani chakula kilicholala, au alikunywa uji. Sasa husema, "Nimekunywa chai," na maana yake ni kwamba amekula cha asubuhi, hata kama amekula mihogo mitatu. Kikombe kimelinyang'anya sahani jina lake. Katika nyumba maskini chai ya rangi yenye sukari nyingi huweza kuwa ndiyo mlo mzima, wala hatuna haki ya kuwacheka wenye nyumba, kwa maana huchemka upesi kwa maji kidogo na kuni chache, nayo huondoa njaa kwa saa moja au mbili. Kunde hutaka saa nyingi motoni. Ndiyo sababu nasema kwamba habari za sukari katika nchi hii ni habari za maji na kuni. Maji yalianza kupandishwa uwandani kwa mashine katika miaka ya 1950, na tangu mwaka 1972 serikali ya Finland ilisaidia kazi ya maji katika Mtwara na Lindi; lakini mashine zina desturi ya kuharibika, na mitungi haikutupwa.

Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa wengine waliiacha mikorosho yao mbali, na mavuno yakashuka hata kufika tani zipatazo 16,000 tu katika msimu wa 1986/87. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 sukari ilikuwa adimu nchini kote, ikanunuliwa kwa zamu na kwa foleni. Kinywa kilichokwisha kuzoea hakikusahau. Sukari iliporudi madukani ilipokelewa kama mgeni aliyekuwa akingojewa.

Ugonjwa uitwao kisukari umepewa jina lake na sukari, na wengi hudhani kwa hiyo kwamba sukari ya kikombe ndiyo sababu yake pekee. Si hivyo, unene, kukaa bila kazi za mwili, na urithi vina sehemu yao. Walakini mabadiliko yaonekana. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania, uliotangazwa mwaka 1989, ulikuta wagonjwa chini ya mmoja katika kila watu wazima mia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012 ulikuta karibu tisa katika mia, kwa watu wa miaka 25 hata 64. Njia za kupima hazikuwa sawa, na mji si kijiji, wala nisingependa mtu agawanye hesabu moja kwa nyingine. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuwa ya vipimo tu.

Lugha nayo imejitengenezea neno jipya kwa mlo huu mpya. Ugali huwa na kitoweo, lakini chai huwa na kitafunio, yaani kitu cha kutafuna pamoja nayo. Mjini kitafunio ni andazi au mkate. Lakini Masasi na Newala mara nyingi ni muhogo mtamu uliochemshwa kwa chumvi, au ming'oko iliyochimbwa porini wakati wa kiangazi, na pembeni karanga za kukaanga. Na mtu aliye na hivyo mkononi, nimeona mara nyingi, hutia sukari kidogo kuliko aliye na kikombe kitupu.